Ukiwa na droni kijijini, ni wapi unaruhusiwa kuirusha?

Miaka michache iliyopita droni ilikuwa kitu cha kuonekana kwenye televisheni. Leo inazunguka juu ya mazishi, harusi na mikutano ya siasa katika vijiji vingi vya Kenya. Kijana aliyeletewa moja na jamaa yake kutoka ng'ambo anaitoa kwenye sanduku, anachaji betri, kisha anajiuliza: nitairushia wapi?

Wengi hujijibu wenyewe kwamba mashambani hakuna shida. Nairobi ndiko kuna Ikulu, kambi za jeshi na viwanja vikubwa vya ndege. Huku kwetu kuna mahindi, ng'ombe na anga tupu. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba mashambani ndiko kuna nafasi kubwa zaidi ya kurusha droni bila kuvunja sheria. Lakini sheria ya anga haina mji wala kijiji. Ni ile ile Westlands na Wajir, na yapo mambo yanayomgusa mtu wa kijijini kuliko yanavyomgusa wa mjini.

Makala haya yanaeleza droni inaruhusiwa wapi, kwa nini, na kwa nini watu wengi bado huirusha kwa kujificha. Yanamhusu pia yule asiye na droni wala haja nayo, lakini ambaye siku moja ataisikia ikivuma juu ya boma lake.

Sheria ilivyofika hapa

Kwa muda mrefu Kenya haikuwa na kanuni za droni. Kilichokuwapo ni hofu. Nchi iliyopitia shambulio la Westgate mwaka 2013 na la Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015 haikuwa tayari kuona vyombo vyenye kamera vikipaa ovyo. Mwaka 2017 kanuni za kwanza zilichapishwa, lakini mwaka uliofuata Bunge la Taifa lilizibatilisha. Kanuni tulizo nazo zilitolewa mwaka 2020, na zinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA.

Historia hiyo inaeleza sura ya kanuni zenyewe. Katika nchi nyingi sheria ya droni ilianza na swali la ajali: je, itagonga ndege, itamwangukia mtu? Kenya, kama Tanzania na Uganda, iliongeza swali la pili: je, mwenye droni ni nani, na anapiga picha ya nini? Ndiyo maana Wizara ya Ulinzi ina sauti katika jambo ambalo kwa kijana wa kijijini ni mchezo tu wa jioni.

Kabla hujafikiria mahali

Masharti ya kwanza hayahusu mahali bali chombo na mwenyewe. Anayeruhusiwa kumiliki droni ni raia wa Kenya au mkaazi aliyetimiza miaka 18, kampuni iliyosajiliwa nchini, au serikali. Kuingiza droni nchini kunahitaji kibali kabla haijafika, na hapo ndipo wengi hunaswa. Mjomba anarudi likizo na zawadi kwenye begi, maafisa wa forodha wanaiona kwenye mashine ya ukaguzi, na droni inabaki uwanja wa ndege. Ikiwa una jamaa anayetaka kukuletea, mwambie aulizie kibali kabla ya kununua.

Baada ya hapo droni husajiliwa na KCAA. Usajili huo ni kama nambari ya gari: unamfunga mwenye chombo na chombo chake. Anayerusha kwa biashara, kwa mfano mpiga picha wa harusi au anayepima mashamba kwa malipo, anawekewa masharti mazito kuliko anayerusha kujifurahisha, yakiwemo leseni ya rubani na cheti cha uendeshaji. Kupokea pesa kwa picha za droni hukutoa kwenye kundi la wanaojifurahisha, hata kama pesa zenyewe ni za mafuta ya pikipiki.

Hakuna orodha ya mahali pa kurushia

Mtu akitafuta kwenye simu "mahali pa kurusha droni" hutarajia kupata orodha ya viwanja. Sheria haifanyi kazi hivyo. Haisemi ruka hapa. Inasema usiruke pale na pale. Kwa hiyo kutafuta mahali ni hesabu ya kutoa. Unaanza na eneo lote unalolijua, unatoa yaliyokatazwa, na kinachobaki ndicho chako, mradi mwenye ardhi akubali.

Toa kwanza viwanja vya ndege. Bila idhini ya mamlaka, droni haitakiwi kuruka ndani ya kilomita 10 kutoka kiwanja kinachotumiwa na ndege kubwa, na kilomita 7 kutoka kiwanja cha ndege ndogo. Kilomita 10 kila upande ni eneo kubwa kuliko linavyosikika. Duara hilo moja lina kilomita za mraba zipatazo 314, kubwa kuliko nchi kavu yote ya Kaunti ya Mombasa.

Duara hizo humeza sehemu ambazo watu hupenda sana kuzipiga picha. Mji wa kale wa Lamu uko kilomita chache tu kutoka kiwanja cha Manda, ng'ambo ya mlango wa bahari. Ufuo wa Diani uko jirani na kiwanja cha Ukunda. Mji wa Malindi na kiwanja chake vimegusana. Katikati ya Kisumu ni mwendo mfupi kutoka kiwanja chake kando ya ziwa. Anayerusha droni sehemu hizo bila idhini yuko ndani ya njia ya ndege, hata akiwa hajaiona ndege hata moja asubuhi nzima.

Mashambani kuna mtego mwingine. Kenya ina viwanja vidogo vingi vya nyasi na changarawe ambavyo kwa siku nyingi za mwaka huonekana kama malisho. Mbuzi wanapita, watoto wanacheza mpira. Kisha siku moja ndege ya madaktari inakuja kumchukua mgonjwa mahututi. Huduma ya madaktari wa angani ya AMREF, iliyoanza mwaka 1957, imeokoa watu kwa kutumia viwanja vya aina hiyo. Rubani anayeshuka kuelekea kiwanja cha nyasi anatazama kama kuna punda kwenye njia. Chombo chenye ukubwa wa njiwa, cha rangi ya kijivu, hakioni.

Kupima umbali huo hakuhitaji fundi. Fungua ramani kwenye simu, bonyeza pale ulipo kwa sekunde chache mpaka alama itokee, kisha chagua sehemu ya kupima umbali na uivute hadi katikati ya kiwanja cha ndege. Kumbuka kwamba ni umbali ulionyooka, jinsi kunguru anavyoruka. Bodaboda akikuambia ni kilomita 12, hizo ni za barabara na kona zake. Kwa mstari ulionyooka zinaweza kuwa 8.

Usitegemee programu ya droni peke yake. Baadhi ya droni huonyesha ramani yenye maeneo mekundu, na zamani nyingine zilikataa kabisa kuwaka karibu na kiwanja kikubwa. Mwaka 2025 DJI, kampuni ya China inayoongoza duniani kwa droni za kujifurahisha, iliondoa kizuizi hicho Marekani na kubakiza onyo tu. Jukumu likarudi kwa anayeshika rimoti. Ramani ya kampuni si sheria ya Kenya, na kiwanja cha nyasi cha tarafa yenu huenda hakimo.

Mbuga zisizo na uzio

Toa pili hifadhi za wanyama. Katika mbuga za taifa, droni hairuhusiwi bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Hifadhi kama Maasai Mara na Samburu ziko chini ya serikali za kaunti, na kuna hifadhi za jamii zenye kamati zake. Kwa hiyo ruhusa ya ofisi moja haikufikishi kwenye nyingine.

Kwa mtu wa mjini hili ni suala la tiketi ya utalii. Kwa anayeishi Narok, Taita Taveta au Laikipia, mpaka wa hifadhi unaweza kuwa kijito au njia ya ng'ombe, bila uzio wala bango. Droni yenye uwezo wa kwenda kilomita kadhaa huvuka mpaka huo kwa dakika moja, na aliyeirusha bado amesimama shambani kwake.

Katazo hili lina sababu. Kandokando ya Serengeti na eneo la Tarangire na Manyara nchini Tanzania, askari wa wanyamapori wamejaribu droni ndogo kama silaha ya kufukuza tembo mashambani, na tembo wakakimbia. Kama droni ndogo inaweza kulihamisha kundi la tembo kutoka shambani, inaweza pia kulisukuma liingie shambani. Kijana anayefuata tembo kwa kamera ili apate video nzuri anaweza kuwa anawaelekeza kwenye mahindi ya jirani yake.

Toa tatu maeneo ya usalama: kambi za jeshi na polisi, magereza, Ikulu na nyumba za serikali, na miundombinu mikubwa. Hapa ongeza akili ya mahali. Tangu Februari 2023 jeshi na polisi wamekuwa na operesheni dhidi ya wezi wa mifugo katika kaunti sita za kaskazini mwa Bonde la Ufa: Turkana, Pokot Magharibi, Elgeyo Marakwet, Baringo, Laikipia na Samburu. Katika maeneo kama hayo, droni inayozunguka juu ya mifugo inaweza kuchukuliwa kuwa jicho la wavamizi. Mwenye mifugo hatauliza kwanza kama ni mchezo.

Juu, kando na mbele ya macho

Ukishapata mahali panapobaki, kuna masharti ya kuruka kwenyewe. Makubwa ni matatu.

La kwanza ni urefu. Droni isizidi futi 400 kutoka ardhini, yaani mita zipatazo 120, juu kidogo ya jengo la KICC. Idadi hiyo haikuokotwa. Kwa kawaida ndege yenye rubani, ikiwa haitui wala haipai, hukaa futi 500 au zaidi kutoka ardhini. Futi 100 zinazobaki katikati ndizo ukuta wa usalama.

Penye milima ukuta huo hubomoka bila mtu kujua. Rimoti nyingi huonyesha urefu kutoka pale ulipoirushia droni, si kutoka ardhi iliyo chini yake. Simama ukingoni Iten, utazame Bonde la Kerio. Droni ikipaa mita 50 kisha ikaenda mbele bila kupanda, skrini itaendelea kusema 50, lakini ardhi inaporomoka, na sakafu ya bonde iko zaidi ya mita 1,000 chini. Kwa muda mfupi tu imevuka kiwango mara kadhaa. Na ukingo huo huo ndio watu hurukia kwa miavuli ya kupaa, bila chuma chochote cha kuwakinga.

La pili ni umbali wa kando. Droni ikae angalau mita 50 kutoka kwa mtu, gari, chombo cha majini au jengo lisilo chini ya usimamizi wa anayeirusha. Tafakari sharti hilo kwenye mazishi ya kijijini. Waombolezaji mamia wamekaa chini ya mahema, na droni inashuka kupiga picha jeneza likiteremshwa. Familia imekubali, lakini jirani, mwalimu na mama mboga waliokaa pale hawakuulizwa. Betri ikikatika, chombo cha chuma na plastiki kinaangukia vichwa vyao.

Mazishi na kampeni zina hatari nyingine ambayo haizungumzwi vya kutosha: helikopta. Wanasiasa wetu hutua kwenye viwanja vya shule za msingi, na helikopta haifuati ule ukuta wa futi 500 inapotua. Inashuka moja kwa moja hadi kwenye kimo ambacho droni za wapiga picha zinazunguka kumsubiri mheshimiwa. Kelele zake huzima sauti ya droni, na vumbi lake huzima macho ya aliyeshika rimoti. Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027, na helikopta zitaongezeka vijijini pamoja na droni. Ushauri ni mmoja: ukisikia helikopta, teremsha droni yako kwanza, utazame baadaye.

La tatu ni macho. Droni ibaki mahali unapoweza kuiona wewe mwenyewe, si kwenye skrini tu, na urushe mchana hali ya hewa ikiwa nzuri. Skrini inaonyesha kilicho mbele ya kamera. Haionyeshi mwewe anayeshuka kutoka juu, wala waya wa umeme ulio kando.

Ruhusa ambayo KCAA haitoi

Tuseme umesajili, umepima duara zote, na uko kilomita 30 kutoka kiwanja chochote. Bado hujamaliza, kwa sababu anga ni la serikali lakini unaposimama ni ardhi ya mtu. Shamba lina mwenyewe. Uwanja wa shule una mwalimu mkuu na bodi. Malisho ya pamoja, chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, yana kamati inayoyasimamia. Kibali cha Nairobi hakikupi haki ya kuingia hata kwenye shamba moja.

Zaidi ya ardhi kuna heshima ya watu. Hapa kanuni zetu zinaonekana kuandikwa na mtu aliyezoea nyumba ya mjini. Mjini, mtu akitaka faragha hufunga mlango. Vijijini, bafu la familia nyingi ni kizingiti cha magunia au mabati nyuma ya nyumba, bila paa. Kimejengwa kwa kuamini kwamba hakuna anayetazama kutoka juu. Droni imevunja imani hiyo. Inaweza kukaa mita 50 kama kanuni inavyotaka, kimo halali, mchana kweupe, na bado kamera yake ikamwona mama anayeoga. Aliyeirusha hajavunja sharti la umbali, lakini kijiji kizima kitajua amekosea.

Vivyo hivyo kwa mifugo. Kuku hujificha wakidhani ni mwewe. Ng'ombe wasiozoea hukimbia, na ng'ombe anayekimbia huvunja ua au mguu. Aliye na mizinga ya nyuki karibu ana sababu yake ya kutotaka kelele hizo. Hakuna kanuni ya KCAA itakayokuambia jirani yako anakamua saa ngapi. Utajua kwa kumuuliza.

Njia ya busara ni kusema mapema. Mwambie mwenye shamba. Pita kwa chifu au naibu wake, si kwa sababu sheria ya droni inamtaja, bali kwa sababu ndiye atakayepigiwa simu watu wakishtuka. Ukipata nafasi barazani, onyesha chombo kilivyo, eleza utarusha wapi na siku gani, na uwaruhusu watu watazame kwenye skrini kinachoonekana. Anayejua droni ni ya mtoto wa nani hairushii mawe.

Ukiwa wewe ndiye uliye chini

Ikiwa droni imesimama juu ya boma lako, usiipige jiwe, manati wala risasi. Ni mali ya mtu, na kuiharibu kunaweza kukugeuza wewe mlalamikaji kuwa mshtakiwa. Tena ina betri inayoweza kuwaka moto ikianguka kwenye nyasi kavu au paa la makuti.

Badala yake, tazama inarudi wapi. Droni nyingi ndogo hukaa angani chini ya nusu saa, na anayeirusha anatakiwa awe mahali anapoiona, kwa hiyo hayuko mbali. Piga picha au video kwa simu yako, andika siku na saa, kisha umwendee na mtu mzima mwingine na kuuliza kwa utulivu. Akikataa kusikia, ripoti kwa chifu na kituo cha polisi.

Una haki ya kulinda. Kifungu cha 31 cha Katiba kinamhakikishia kila mtu faragha, pamoja na ya nyumba yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa data yake. Sheria hiyo haiingilii mambo ya nyumbani tu, kama picha unayoihifadhi kwa ajili ya familia. Lakini anayetumia sura yako kutangaza biashara yake hawezi kujificha hapo. Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data hupokea malalamiko, na mwaka 2023 iliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kesi hiyo haikuwa ya droni, ila kanuni ni moja: kamera kuwa juu hakubadilishi picha ni ya nani.

Tatizo ni kwamba haki hiyo inahitaji jina. Huwezi kumshtaki mtu usiyemjua. Ndiyo maana usajili, ambao wenye droni huuona kama mzigo, ndio kinga kubwa zaidi ya asiye na droni.

Kwa nini basi watu wanajificha?

Hapa ndipo penye kasoro ya mpango mzima. Nafasi iko mashambani lakini karatasi ziko mjini. Makao makuu ya KCAA yako kwenye uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi. Kanuni zimeandikwa kwa Kiingereza cha kisheria. Kijana wa Mbeere au Budalang'i mwenye chombo cha kuchezea anatakiwa apitie mfumo ulioundwa ukifikiria usalama wa taifa na kampuni kubwa. Wengi huangalia njia hiyo ndefu, wakaangalia anga tupu juu ya shamba la baba, wakachagua anga.

Hasara yake ni ya pande zote. Anayerusha kwa kujificha haulizi chifu, kwa kuwa kuuliza ni kujitangaza. Huenda mbali na macho ya watu, ambako ndiko kuna mifugo na mipaka ya hifadhi. Droni ikimponyoka na kumjeruhi mtu, hukimbia. Na mkulima ambaye angefaidika na picha za juu za shamba lake, aone maji yanakwama wapi au mahindi yameungua kona ipi, humwona jirani mwenye droni kama mhalifu, wala si msaada.

Upo mfano wa njia nyingine hapa hapa Afrika. Mwaka 2017 serikali ya Malawi pamoja na UNICEF zilitenga eneo la majaribio ya droni Kasungu, mashambani, lenye upana wa kilomita 40 kutoka katikati. Halikuwa la kujifurahisha; lilikuwa la vyuo, kampuni na mashirika ya misaada. Lakini wazo lake ni rahisi: badala ya kusema tu usiruke wapi, serikali ilisema ruka hapa.

Kenya inaweza kufanya hivyo kwa kiasi kidogo. Kila kaunti ingetenga uwanja mmoja au miwili, nje ya duara za ndege na hifadhi, mbali na nyumba, na siku zake zikajulikana. Usajili wa droni ndogo ungeweza kupokelewa kwenye vituo vya Huduma, ambako tayari watu huenda kwa kitambulisho. Masharti yangeweza kuandikwa kwa Kiswahili kwenye ukurasa mmoja. Hakuna hata moja kati ya hayo linalolegeza usalama. Yanaongeza idadi ya droni zenye jina, na hilo ndilo Wizara ya Ulinzi na mama mwenye bafu lisilo na paa wanalolitaka kwa pamoja.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kuwasha

Mpaka hapo, anayetaka kurusha kihalali ajibu maswali haya kwa mpangilio:

Je, droni hii iliingia kwa kibali na imesajiliwa? Kama hapana, anzia hapo.

Je, niko zaidi ya kilomita 10 kutoka kiwanja kikubwa cha ndege na zaidi ya 7 kutoka kidogo, kwa mstari ulionyooka?

Je, kuna hifadhi, kambi au gereza ambalo droni hii inaweza kulifikia ikipotea?

Je, mwenye ardhi amekubali, na majirani wanajua?

Je, nitaweza kuiona kwa macho muda wote, chini ya mita 120 kutoka ardhi iliyo chini yake, na mita 50 kutoka kwa watu wasiohusika?

Anayeishi mpakani aongeze moja: je, iko upande gani? Kibali cha Kenya hakivuki Namanga wala Busia. Tanzania na Uganda zina mamlaka zake za anga na vibali vyake, na Zanzibar nako utahitaji kuuliza pake.

Jibu likiwa ndiyo kwa yote yanayotaka ndiyo, utashangaa ni sehemu ngapi zimebaki: shamba lililovunwa, malisho ya mbali, uwanja wa kanisa Jumatatu asubuhi. Mtu wa mjini angelipa nauli kuzifikia. Jibu likiwa hapana hata kwa moja, iache betri kwenye mfuko wake kwa leo na ushughulikie hilo moja kwanza.